Picha Nyeupe za Darasa la Saba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yunisi alikuwa na kazi tatu, na zote zilimchosha hata kabla hajazianza. Ya kwanza ilikuwa kujaza madumu mawili ya maji bombani, penye foleni isiyosogea. Ya pili ilikuwa kumkandia mama yake unga wa maandazi. Ya tatu ilikuwa kufagia studio ya picha ya baba yake, chumba kisicho na dirisha kilichokuwa mbele ya nyumba yao mjini Tunduma, kando ya barabara ambayo malori hupanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Vumbi la malori hayo halikuwa na adabu. Ulifagia, ukageuka kutundika ufagio, nalo limesharudi kana kwamba lilisahau kitu ndani.

Zamani baba yake alikuwa akisimama mlangoni na kumwonyesha kona alizoziruka. Siku hizi hakusema neno. Yunisi alijihesabu mwenye bahati, akawa anafagia katikati tu na kuziacha kona zijitunze zenyewe.

Baba yake, Osward Simbeye, watu wote wa mtaa ule walimwita Fundi. Alianza kupiga picha tangu enzi za filamu. Studio yake ilikuwa na kitambaa cha bluu ukutani, kiti kimoja cha mbao na taa mbili kubwa zilizosimama kulia na kushoto kama askari. Kamera yake aliinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na ingawa kamera hiyo iliweza kujipangia mwanga yenyewe, Fundi hakuiruhusu. Alizungusha vitufe vyake kwa mkono.

"Kamera ikifikiri yenyewe," alikuwa akisema, "mimi nimekuja hapa kufanya nini?"

Lakini tangu mwanzo wa mwaka, Fundi alikuwa amebadilika. Alizoea kutania wateja, sasa aliwajibu kwa mkato. Wakija wasafiri kutoka ng'ambo na kumsalimia kwa Kibemba, "Mulishani, ba fundi?" alisubiri mpaka waseme tena ndipo awataje majina. Alizilaumu taa, akabadilisha balbu zake mara mbili. Mwanga wa kioo cha kompyuta aliuongeza mpaka mwisho, hata Yunisi akikaa mbele yake macho yalimtoka machozi. Majina kwenye bahasha za wateja alimpa Yunisi asome.

"Soma wewe," alisema, "upate kuzoea."

Yunisi alisoma. Alikuwa darasa la saba, kusoma alishazoea zamani, ila hakuwa na nguvu za kubishana.

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, Mwalimu Mkuu wa shule yao, Mwalimu Leah, aliingia studio na bahasha kubwa mkononi. Yunisi alikuwa ndiyo kwanza ametoka shule. Alimwamkia, akasogea pembeni.

"Fundi, samahani," Mwalimu Leah alisema, akazimwaga picha mezani. "Hizi picha za wahitimu siwezi kuzibandika kwenye vyeti. Watoto wote arobaini na tatu hawana pua."

Yunisi alichungulia. Sura za wenzake zilikuwa nyeupe, zimefifia, macho na mdomo vimebaki kama vimechorwa kwa penseli. Yake pia ilikuwamo. Alionekana kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga.

Fundi aliichukua picha moja, akaisogeza karibu kabisa na uso, kisha akaiweka chini. "Kamera ina tatizo," alisema.

"Inawezekana. Lakini mahafali yamekaribia. Nakupa mpaka Ijumaa. Zikishindikana nitawapeleka studio nyingine, na sitapenda kufanya hivyo, maana umetupigia miaka kumi na moja."

Mwalimu Leah alipoondoka, Fundi alikaa kwenye kiti cha wateja. Kisha akauliza, "Yunisi, nani amechezea kamera yangu?"

Yunisi aligeuza uso, akatazama sakafu. Kwa maana kulikuwa na mtu aliyeichezea, na mtu huyo alikuwa yeye. Majuma matatu nyuma, Jumamosi, baba alipokwenda msibani, Yunisi alimwingiza studio rafiki yake Fides, akamfunga kitenge cha mama kichwani na kumpiga picha moja. Alivizungusha vitufe vyote vya juu kwa mbwembwe kama alivyomwona baba akifanya. Kisha wakasikia mama anakuja, wakairudisha kamera rafuni mbio mbio.

"Sijui, Baba," alisema.

Uongo huo ulikuwa wa maneno mawili tu, lakini ulimlemea kuliko madumu ya maji. Usiku mzima alikuwa akijigeuza kitandani. Studio ikipoteza kazi ya shule, watu watasikia, na wateja wengine watafuata. Na yote kwa sababu ya picha ya Fides na kitenge!

Shuleni nako hakukuwa na nafuu. "Yunisi," wenzake walimtania, "baba yako ametupiga picha au ametupaka unga?" Fides peke yake hakucheka. Alimtazama rafiki yake, akainamisha kichwa.

Jumanne kulikuwa na kipindi cha kompyuta. Mwalimu Ambwene, kijana mwembamba aliyependa kufundisha kwa mifano, aliwaonyesha picha ya mlima kwenye kompyuta moja ambayo darasa zima liliizunguka.

"Mnaona mlima," alisema. "Sasa tazameni." Akabofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akafungua sehemu ya maelezo. Orodha ndefu ya maandishi ikatokea. "Kamera ya dijitali haipigi picha tu. Kila ikipiga, inaandika ndani ya picha hiyohiyo jinsi ilivyopangwa: siku, saa, tundu la lenzi lilifunguka kiasi gani na kwa muda gani. Na namba hii hapa, ISO, ni kiu ya kamera. Ikiwa ndogo, kamera inakunywa mwanga kidogo. Ikiwa kubwa, inakunywa mwingi. Ukiipandisha mno penye mwanga wa kutosha, picha inakuwa nyeupe."

Yunisi alinyoosha mkono kabla hajajiuliza mara mbili. "Mwalimu, kama mtu aliichezea kamera, picha itasema?"

"Itasema alichofanya," Mwalimu Ambwene alijibu. "Jina lake haitalisema. Hilo atalisema mwenyewe."

Darasa likacheka. Yunisi hakucheka.

Mchana ule alirudi nyumbani na shauri moja kichwani. Angetafuta picha aliyompiga Fides, aone alichoharibu, kisha airudishe kamera kama ilivyokuwa, kimyakimya, na mambo yaishe. Baba yake alikuwa amelala ndani. Siku hizi alilala kila mchana, jambo ambalo zamani aliliita uvivu. Yunisi aliketi mbele ya kompyuta, akakunja macho kwa ule mwanga mkali, akaanza kupekua.

Picha ya Fides aliipata upesi. Siku ilikuwa yenyewe, lakini saa ilimchanganya. Maelezo yalisema saa nane mchana, naye alikumbuka vizuri kwamba ilikuwa saa tisa, kwa kuwa mama alikuwa ametoka kuuza maandazi ya mwisho. Alitaka kukata tamaa. Halafu akakumbuka kwamba kamera ilinunuliwa Nakonde na mpaka leo ilikuwa ikifuata saa za Zambia, ambazo ziko nyuma kwa saa moja. Baba hakuwahi kuibadilisha. Kwa watu wa Tunduma hilo si ajabu, kwani hata simu zao huvuka mpaka na kurudi bila pasipoti.

Akatazama namba ya ISO ya picha ile. Ilikuwa elfu sita na mia nne. Ndiyo, hapo ndipo alipoharibu! Lakini alipofungua picha iliyofuata, ya mteja wa Jumatatu, namba ilikuwa elfu moja na mia sita, na za wahitimu pia. Akafungua iliyotangulia, ya Ijumaa kabla ya mchezo wao. Elfu moja na mia sita vilevile. Kumbe baba alikikuta kitufe kimehama, akakirudisha mahali pake.

"Siyo mimi," Yunisi alinong'ona. Alijisikia mwepesi, akataka kuruka.

Ila moyo haukutulia. Kama si yeye, ni nani? Alirudi nyuma zaidi, akawa anaandika namba kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake. Picha za mwezi wa saba zilikuwa na mia nane. Za mwezi wa nne, mia nne. Za Januari, ambazo zilikuwa safi, kila sura na pua yake, zilikuwa na mia mbili. Namba ilikuwa ikipanda polepole, mwezi hata mwezi, kwa mkono wa mtu aliyejua anachofanya. Na taa zilikuwa zilezile, tena balbu mpya. Kitambaa kilekile cha bluu. Kiti kilekile.

Jioni ile, mama alipoandaa chai, Yunisi alimtazama baba yake akijimiminia. Alikuwa ameingiza ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Chai ilipogusa kidole, aliacha kumimina. Alifanya hivyo bila kusema ah, kama mtu aliyezoea kuungua.

Hapo Yunisi akaelewa. Taa hazikuwa zimefifia. Baba ndiye aliyekuwa akiona giza, naye alikuwa akiiongezea kamera mwanga ambao macho yake yalikuwa yakiukosa. Bahasha alizomsomea, kioo cha kompyuta, wateja waliosubiriwa waseme tena, kona zilizojaa vumbi. Yote alikuwa ameyaona, na hakuyaona.

Jumatano alitoka shule akitembea taratibu, mtu angedhani amebeba kuni. Alimkuta baba studio, na mama, Enesi, akimimina chupani mafuta ya maandazi yaliyobaki, pale mlangoni. Yunisi alisimama mbele ya kitambaa cha bluu.

"Baba, nilikudanganya," alisema. "Mimi niliichezea kamera. Nilimpiga Fides picha ulipokwenda msibani. Nisamehe."

Fundi alishusha pumzi. "Kwa hiyo ni wewe uliyeiharibu."

"Hapana, Baba. Nilidhani ni mimi." Alilifungua daftari ukurasa wa mwisho. "Picha zako zinaweka namba. Januari ulipiga kwa mia mbili. Sasa unapiga kwa elfu moja na mia sita. Taa hazijabadilika, Baba."

"Unanichunguza?" Fundi alifoka, akainuka. Goti lake likagonga taa ya kushoto, ikayumba. "Mtoto wa kumzaa mwenyewe unanichunguza?"

"Osward," mama alisema kutoka mlangoni. Hakupaza sauti. "Mwache mtoto. Nimechoka kujifanya sioni kwamba huoni."

Lori moja barabarani lilipiga honi ndefu, likanyamaza. Fundi aliipapasa taa mpaka ikatulia, kisha akaketi. Aliingiza mkono nyuma ya kabati na kutoa kichupa kidogo kisicho na karatasi wala jina.

"Niliuziwa na mchuuzi pale karibu na mpaka," alisema. "Nimekuwa nikitia matone matatu kila siku. Hayasaidii. Ilianza mwezi wa pili. Ni kama ule ukungu wa kwenu Ibaba, Enesi. Nasubiri jua litoke ukungu uondoke, na jua halitoki."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mpiga picha asiyeona, nani atamletea sura yake?"

Mama aliketi chini, pale pale mlangoni, akafuta macho kwa upande wa kitenge chake. Yunisi hakuwahi kuwaona wazazi wake wamechoka kiasi kile, tena mchana kweupe. Alienda akasimama katikati yao, asijue amshike nani. Baba ndiye aliyemshika yeye.

Kesho yake asubuhi Fundi alikwenda shuleni pamoja na Yunisi. Ndani ya ofisi ya Mwalimu Mkuu hakuzungukazunguka. "Mwalimu, kamera yangu ni nzima. Macho yangu ndiyo mabovu, nami nilikuficha. Ukitaka kuipeleka kazi kwingine, una haki. Ila ukiniruhusu, binti yangu atapiga, na mimi nitamwongoza."

Mwalimu Leah alimtazama Fundi, akamtazama na Yunisi aliyekuwa amekazia macho viatu vyake. "Nimezoea kuletewa visingizio, eti umeme ulikatika," alisema mwishowe. "Haya. Waje leo mchana. Lakini Fundi, Ijumaa usiwe hapa. Uwe hospitali."

Mchana ule darasa zima lilijipanga nje ya studio, na makelele yao yaliyashinda ya malori. Yunisi alishika kamera. Baba alisimama nyuma yake, mkono mmoja begani kwake.

"Kiu ya kamera?" aliuliza.

"Mia mbili, Baba."

"Sawa. Mwambie ainue kidevu. Akikenua, msubiri achoke kukenua, ndipo ubonyeze."

Hivyo ndivyo walivyofanya, mtoto mmoja baada ya mwingine, mpaka mabega ya Yunisi yakafa ganzi. Kazi aliyodhani ni kubonyeza tu ilikuwa kusimama, kuinama, kungoja na kuanza upya. Aliyepiga chafya alirudiwa. Aliyefumba macho alirudiwa mara nne. Jua lilipoanza kushuka, sura arobaini na mbili zilikuwa tayari, zote na pua zao.

"Bado yangu," Yunisi alisema.

"Yako itasubiri," baba alijibu. "Hiyo nitaipiga mwenyewe."

Ijumaa Yunisi alizipeleka picha shuleni, Fundi na mkewe wakaenda hospitali. Daktari wa macho alimmulika, akasema ni mtoto wa jicho katika macho yote mawili, kiini cha jicho kimeingia weupe, na kwamba upasuaji wake si mkubwa. Kilichomkasirisha kilikuwa kile kichupa.

"Mzee wangu, mtoto wa jicho hatoki kwa matone," alimwambia. "Haya ya kuokoteza barabarani yangeweza kukuunguza jicho, ukaja hapa pasiwe na cha kupasua. Ulisubiri nini miezi saba?"

Fundi alipewa tarehe, akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, akarudi na bandeji, na maagizo ya kurudi kwa ajili ya la kushoto. Siku hizo studio ilifungwa. Mama alikaanga maandazi maradufu, na Yunisi aliteka maji maradufu. Hawakulalamika sana. Kidogo walilalamika.

Siku nne kabla ya mahafali, Fundi aliingia studio kwa mara ya kwanza, amevaa miwani myeusi ya hospitali. Aliwasha kompyuta, akaivua miwani, kisha akaruka nyuma kama aliyemwagiwa maji.

"Nani ameweka mwanga mkali namna hii? Mnataka kutupofusha?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Ni wewe, Baba Yunisi! Ni wewe mwenyewe!"

Fundi aliupunguza mwanga ule, akicheka kwa aibu. Kisha akamkalisha Yunisi kwenye kiti cha mbao. Alizungusha vitufe bila kuuliza mtu. Akainama, akafumba jicho lililobaki na ukungu, akangoja. Yunisi alikenua, akachoka kukenua, na hapo kamera ikalia.

Yunisi alikimbilia kompyuta kabla baba hajamwita. Sura yake ilikuwa pale, na kovu dogo la nyusi ambalo hata yeye alikuwa amelisahau. Akafungua maelezo ya picha. ISO ilisomeka mia mbili. Aliitazama namba ile hadi machozi yakaanza kumlengalenga, na safari hii haikuwa kwa sababu ya mwanga wa kioo.

Baba yake aliketi kando yake. "Mwanangu," alisema, "wewe ulificha mchezo wa dakika kumi, nao ukakunyima usingizi. Mimi nilificha macho yangu miezi saba, nikakosa raha, nikawanyima na nyinyi raha, na karibu nipofuke. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na picha zangu mwenyewe, na nashukuru ni picha zilizotangulia. Nimefanya kazi nyingi, nimebeba hata magunia ya kahawa kule Iyula nilipokuwa kijana. Hakuna kazi iliyonichosha kama kuficha. Ukikosea, sema. Ukiumwa, sema mapema, tena umwambie daktari, si mchuuzi wa barabarani."

"Nimesikia, Baba."

"Na ukiona mwenzako anateseka kimya, fanya kama ulivyofanya. Hata akifoka."

Alinyanyuka, akairudisha kamera rafuni. Kisha akasimama mlangoni, akageuza kichwa huku na huku kwa jicho lake jipya, akanyoosha kidole nyuma ya taa ya kushoto.

"Yunisi. Kona ile hujaifagia. Tena si leo tu."

Yunisi alikuwa amechoka, miguu ilimuuma tangu bombani asubuhi. Lakini alikwenda kuchukua ufagio mbio, akafagia kona ile, na ya pili, na ya tatu, huku baba yake amesimama pale pale mlangoni akimwonyesha lilipobaki vumbi.